Mwezi wa Tumbo

Isangi, tarehe 19 mwezi wa tano 2024

Mama mudogo Khadija,

Salaam aleikum. Barua hii ikukute umekula, umekaa, na miguu yako iko juu ya kigoda, ingawa nakujua, ukirudi kazini hukai. Sisi huku tuko wazima. Yusufu anakusalimia, samaki wamepungua mwezi huu na kelele zake zimeongezeka. Mama mukwe anakohoa, lakini bado anaamka kabla ya jogoo ili atuhesabie makosa. Darasani kwangu watoto ni sitini na wawili, madawati kumi na manne. Wengine wanaandikia magoti yao.

Utajiuliza kwa nini naandika barua kama wazee wa zamani. Simu ipo. Lakini kwetu hapa réseau ya simu inashika mahali pamoja tu, libongo, pale vyombo vinapofunga kamba. Ukisimama kuongea, watu ishirini wamekuzunguka wakingoja zamu yao, na masikio yao yote ni yako. Jambo langu si la kuongea pale. Ndiyo maana nimemupa Hilaire, yule wa baleinière, chombo cha mbao kinachopanda Kisangani. Yeye anaweka barua kwenye kopo la maziwa, haisomi.

Mama mudogo, nina tumbo. Miaka minne ya kungoja, sasa Mungu ametazama upande wetu. Ni la mwezi wa kumi na moja.

Alhamisi nilienda consultation, kupima tumbo. Infirmier wetu wa zahanati, Désiré, alinipima tension, yaani presha ya damu. Akanikalisha, akanipa maji, akanipima tena. Kumi na tano kwa kumi. Akasema, kwa upole wake ule: « Madame Madina, uko na tension. Kuzalia hapa kwangu, hapana. Hapa hakuna munganga wa kupasua, hakuna damu. Utaenda kuzala Kisangani. » Amenipa vidonge, viwili asubuhi, viwili jioni.

Kiisha akaniuliza kama kuna mutu wa tension katika familia yetu. Nikamuambia nitakuuliza wewe. Wewe ndiye ulikuwa na Mama kule Lubunga, ng'ambo ya mto wa Kisangani, siku zile. Bibi aliniambia maisha yake yote kwamba lililomuua Mama ni jicho baya la Mama Pétronille, yule jirani aliyemuuliza Mama mwezi wake wa kuzala. Mimi nilikuwa na miaka sita. Nakumbuka tu miguu yake: niliibonyeza kwa kidole, na shimo likabaki. Alikufa na nini, Mama mudogo?

Mwanao,
Madina


Mangobo, tarehe 9 mwezi wa sita 2024

Mwanangu Madina,

Na wewe wa aleikum salaam. Kigoda gani? Kile kigoda alikikalia Ursule wa jirani siku ya Pasaka yao, kikapasuka, na yeye akanikasirikia mimi. Sasa nakaa juu ya ndoo. Hapa Mangobo mvua imebeba choo cha watu wawili na kutuachia harufu. Vinginevyo tunaishi.

Nimeisoma barua yako mara tatu, nikalia, nikacheka, nikayaunguza maharagwe. Alhamdulillahi. Mimi ambaye sikuzala, nitaitwa nyanya.

Sasa sikiliza, nimeshaanza kazi. Unajua miaka kumi na minane nafua nguo za maternité, wodi ya wazazi, pale hospitali. Waganga hawajui jina langu, lakini accoucheuse mukubwa, mukunga Falonne, ananijua, juu mashuka yake yanarudi bila doa. Nilimueleza. Akasema mwenye tension hangoji uchungu umushike mbali. Aje miezi ya tumbo ikitimia nane, akae karibu, apimwe kila siku mbili, na siku ikifika wataamua kumuanzishia uchungu ama kumupasua. Kwa hesabu ya mwezi wa kumi na moja, basi utakuja mwanzo wa mwezi wa kumi. Chumba cha nyuma nimekifagia. Sylvain wa moto, yule wa pikipiki anayelala nyumba ya pili, nilimupanda hadi hospitali na saa mukononi: dakika kumi na mbili, na tulikutana na mbuzi. Uje na vitenge sita, beseni, na mutu wa ukoo wa Yusufu mwenye damu inayofaa, si yule kaka yake anayezimia akiona sindano.

Chumvi punguza. Vidonge usiviruke hata ukijisikia muzima. Falonne amesema tension haibishi hodi.

Na kumbuka niliyokufundisha siku ya harusi yako: mwezi wa tumbo hauambiwi watu. Tumbo linapenda kivuli.

Mambo ya marehemu tumuachie Mungu. Dada yangu alikwenda, na siku yake ilikuwa imeandikwa. Wewe tazama mbele.

Mama yako mudogo,
Khadija


Isangi, tarehe 14 mwezi wa saba 2024

Mama mudogo,

Salamu nyingi, na pole kwa kigoda. Barua yako ilifika imelowa, karatasi mbili zimeshikana, nikazitenganisha kwa kisu cha samaki. Shule imefungwa. Yusufu amepata wavu mupya na sasa hatumuoni. Mama mukwe ananiletea majani ya kuchemsha, nayanywa mbele yake, mengine namwagia mihogo. Mihogo imenawiri.

Pete yangu ya ndoa imekatwa. Vidole vilivimba, ikabidi Yusufu aazime musumeno wa fundi saa. Miguu pia. Jana nilikaa mulangoni, nikajibonyeza kwa kidole juu ya kifundo, na shimo likabaki. Nililitazama hadi likajaa tena. Lilichukua muda murefu.

Tension sasa ni kumi na sita kwa kumi. Désiré ameongeza vidonge. Alipima tumbo kwa ule utepe wake, akapima tena, akaniambia: « Tumbo limepita hesabu yako. Ama ni mapacha, ama umekosea mwezi. » Nilimuambia sijakosea. Wanawake kumi na wawili walikuwa kwenye benchi, midomo imefungwa, masikio wazi, na mumoja wao ni dada wa mama mukwe. Akaandika kwenye fiche, karatasi yangu ya kupimwa: labda mapacha. Mashine ya kutazama ndani hapa hatuna.

Kichwa kinauma kidogo, si cha kukusumbua.

Nilikuuliza kuhusu Mama, ukanijibu habari za ndoo na mbuzi. Nakuuliza tena. Ile miguu ya Mama na hii yangu ni miguu ya namna moja. Kama unajua kitu, niambie, mimi si mutoto tena.

Madina


Mangobo, tarehe 11 mwezi wa nane 2024

Madina,

Nakusalimia, nawasalimia wote. Leo sina utani, unisamehe.

Juzi walileta mwanamuke kutoka Lubunga. Walimuvusha mto kwa pirogue ya makasia akiwa ameshaanza kutetemeka, ulimi umeumwa. Alikuwa wa umri wako. Nguo zake zilinifikia mimi, na nilipozitia majini nilishindwa kuzifikicha. Falonne alinikuta nimekaa chini. Nikamuuliza ni nini kilichomuua, akasema tension, hakuna kingine, angeletwa siku mbili mapema angekuwa anakunywa uji sasa. Nikamueleza habari za dada yangu kama habari za mutu mwingine: miguu, kichwa siku tatu, macho kuona giza, kiisha kutetemeka. Akasema ni hiyohiyo.

Nilijua, mwanangu. Nimejua miaka ishirini na moja.

Mama yako, dada yangu Sikujua, alipimwa Alhamisi, mimi nilimusindikiza. Infirmier wa Lubunga aliandika karatasi na kunipa mimi, juu nyumbani mimi peke yangu nilikuwa najua kusoma. Iliandikwa: tension 17/11, avuke leo, apelekwe hospitali. Nilirudi nayo. Nyumba ilikuwa imejaa. Kesho yake, baada ya sala ya Ijumaa, watu wa Waziri, yule aliyekuwa bwana yangu, walikuwa waje kuniposa. Mbuzi ameshachinjwa, muchele umechaguliwa, shangazi wametoka mbali. Baba akaniambia nisome. Nikasoma yote, nikaruka neno moja. Nikasoma: avuke, apelekwe hospitali. Ile « leo » nikaimeza. Baba akasema basi, atavuka Jumamosi, wageni wakishaondoka.

Jumamosi asubuhi hakuwa mutu wa kuvushwa tena. Alikufa na mutoto wake tumboni.

Siku ya matanga walianza kuulizana nani alijua mwezi wake. Jina la Pétronille likatoka, na mimi nilikuwa pale, karatasi iko kwenye kitambaa changu cha kiuno. Walimutupia mawe. Sikusema. Waziri alinioa, akaniacha, hilo unalijua.

Hakuna jicho, Madina. Na mimi ndiye niliyekuambia siku ya harusi kwamba ukiulizwa, ongeza miezi miwili, hata kwangu. Nilikufunza uongo ili wangu usionekane. Sasa tumbo limepita hesabu, na mimi silali. Niambie mwezi wa kweli. Kama si wa kumi na moja, usingoje jibu langu, panda chombo cha kwanza.

Khadija


Isangi, tarehe 3 mwezi wa tisa 2024

Mama mudogo,

Barua yako imenifikia jana tu. Moteri ya Hilaire ilimufia Yangambi, akakaa huko wiki tatu na kopo lake la maziwa.

Ni mwezi huu. Ni siku kumi na mbili zimebaki, kama nilihesabu vizuri. Nilikuongezea na wewe, kama ulivyosema.

Kichwa leo ni siku ya tatu. Naona vitu kama nzi wanaong'aa. Nimemuambia Désiré ukweli, mbele ya benchi, akaweka mikono kichwani. Amekataza nipande moto. Njia imeharibika, itanimaliza kabla ya tension. Hilaire anaondoka kesho alfajiri, nitakuwa ndani na Yusufu. Barua hii anaileta Doudou wa moto, atakufikia kabla yetu. Muambie Falonne.

Madina


Isangi, tarehe 27 mwezi wa kumi 2024

Mama mudogo,

Salamu. Mama mukwe anaendelea na kikohozi. Shule imefunguliwa bila mimi.

Sikukuaga. Hilaire alipokupigia simu ulikuja mbio hadi kituo kile cha afya cha njiani walikonishusha, ukakaa kwenye mukeka siku tatu kando ya kitanda changu, na mimi nikakugeuzia mugongo siku zote tatu. Nilikuwa nakusikia unapofua kanga zangu. Uliponiita nilijifanya nimelala.

Wananiambia nilianza kutetemeka siku ya pili ya safari, juu ya magunia ya mihogo, na Yusufu alinitia kijiko cha mbao mudomoni. Mimi sikumbuki. Nakumbuka kuamka na tumbo tupu. Alikuwa mwanaume, Mama mudogo. Alikuwa amekamilika, kucha zimefika mwisho wa vidole, nywele nyingi. Yusufu alimuosha na kumuzika pale, chini kidogo ya kituo, na ameniambia kuna miche ya ndizi. Sijui nitapaona lini.

Nilikuchukia, nakuambia wazi. Kiisha nikaanza kujihesabia na mimi. Désiré alinifungulia mulango, akasema ama umekosea mwezi. Nilihitaji neno moja tu. Nikamutazama yule mwanamuke kwenye benchi, dada wa mama mukwe, nikafunga mulango mwenyewe. Wewe uliruka neno, na mimi nikaruka. Uchungu wangu sasa haujui uende kwa nani, unarudi nyumbani.

Usiniombe musamaha mimi. Kuna mutu wa kwanza. Kama Mama Pétronille yuko hai, mutafute. Umusomee ile karatasi yote, bila kuruka.

Madina


Mangobo, tarehe 15 mwezi wa kumi na mbili 2024

Mwanangu Madina,

Nakusalimia kwa upole, sijui kama bado nina haki ya kukuita hivyo. Falonne anakuulizia, Sylvain wa moto pia. Chumba cha nyuma sijakitia mutu.

Yuko hai. Nilimutafuta Jumapili tatu. Hakuwahi kutoka Lubunga, alihamia tu upande wa reli, kule hakuna anayemujua. Nilivuka na karatasi yangu. Imekatika kwenye mikunjo lakini wino unasomeka.

Nilimukuta anapepeta muchele. Amezeeka, jicho moja limefunikwa na mutoto wa jicho. Alinijua kabla sijasema jina. Hakunikaribisha na hakunifukuza. Nilisimama, nikasoma, nikaitamka ile « leo » nikarudia mara mbili. Kiisha nikamueleza za posa, za mbuzi, za matanga na mawe. Yeye anapepeta tu. Nilingoja anitukane. Ningeshukuru.

Alipomaliza ungo wake akasema: « Unajua kwa nini nilimuuliza dada yako mwezi? » Hakungoja nijibu. Akasema: « Niliona miguu yake. Mimi nilizika dada kwa miguu ile. Nilimuuliza mwezi juu bwana yangu Séverin alikuwa na pirogue. Nilitaka aiweke karibu siku zikifika, asiende nayo mbali. »

Nilikaa chini, Madina, juu ya udongo.

Akaendelea, bila hasira, na hiyo ndiyo inaniua. Alhamisi ile alituona tunarudi consultation, akamuona Sikujua anavyotembea. Akamuambia Séverin asiende kuvua. Séverin alikaa na pirogue yake libongo Alhamisi, Ijumaa, hadi Jumamosi, anangoja tumuite. Walikuwa wanasikia ngoma za posa yangu. Hakuna aliyekwenda kumuita. Jumatatu tukaenda na mawe.

Séverin alikufa miaka tisa iliyopita. Hadi mwisho alikuwa akimuuliza: lakini kwa nini hawakuniita?

Nilimuomba musamaha. Akasema atafikiri. Akaniuliza habari zako, nikamuambia. Akaweka ungo chini, akafunga muchele kidogo kwenye karatasi, akasema ni wako. Umo ndani ya kopo la Hilaire, pamoja na barua hii. Sijui ni musamaha ama ni nini. Nakupa kama alivyonipa.

Khadija


Isangi, tarehe 18 mwezi wa kwanza 2026

Mama mudogo,

Salaam aleikum. Mwaka mumoja na zaidi sikukuandikia, na barua zako nne ziko hapa, zote nimezisoma. Muchele nilipika, tukala mimi na Yusufu peke yetu. Mama mukwe alituacha mwezi wa nane, Mungu amupokee, kikohozi kilimushinda. Nimerudi darasani. Madawati sasa ni kumi na moja.

Nina tumbo tena. Tension imeshapanda, kumi na tano kwa kumi, na ni mapema. Désiré hacheki. Mimi naogopa, Mama mudogo. Naogopa nikila, naogopa nikifundisha. Kila asubuhi najibonyeza kwa kidole kabla sijashuka kitandani. Sikuambii kwamba itakuwa heri, sijui.

Ni la mwezi wa saba, katikati. Nimemuambia Désiré kwa sauti mbele ya benchi lote, na yule dada wa mama mukwe akanivuta nguo. Jana nilikwenda libongo kukupigia. Watu walikuwa wengi kuliko siku zote. Hukushika simu, najua ulikuwa na mikono majini, basi nikaacha ujumbe wa sauti, nikausema mwezi wangu hapo, wakasikia wote. Kiisha mama mumoja, muuza chikwangue, ile mikate ya mihogo, hata jina lake silijui, akaniuliza nitapanda chombo lini, mwanawe ana moteri mupya.

Safari hii singoji miezi nane: nitakuja mwanzo wa mwezi wa tano, nikae chumba cha nyuma. Nitakuja na vitenge sita na mutu wa damu.

Lakini nifanyie jambo moja. Ukiisoma hii, vuka uende Lubunga. Usingoje Jumapili, nenda leo. Mutu wa kwanza kuambiwa huko Kisangani baada yako awe Mama Pétronille. Muambie: Madina, binti wa Sikujua, mwezi wa saba.

Mwanao,
Madina